Usijihukumu Gizani, Mdogo Wangu

Njoo ukae hapa karibu, mdogo wangu, na hiyo simu iweke chini kidogo. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mnalizungukazunguka mnaponiandikia. Mnaanza na habari za usingizi, mnagusia kukosa hamu ya kula, mnalaumu kazi na joto na bei za vitu, halafu mwishoni kabisa, harakaharaka, ndipo mnalitaja lenyewe. Dada, sijaandika chochote tangu mwaka uanze. Dada, nikiimba kwaya sauti inatoka lakini moyo haumo. Dada, nasali, nakunja msala, na wala sihisi kama kuna aliyenisikia. Kisha mnamalizia na swali lilelile: je, nilikuwa najidanganya tangu mwanzo?

Hapana. Nakujibu mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Hukujidanganya, hujalaaniwa, na hakuna mtu aliyekifunga kipaji chako kwenye kitambaa akakizika chini ya mbuyu. Umeingia kwenye kipindi cha giza. Anayeshika kazi ya kubuni kwa dhati hukipitia, na anayemtafuta Mungu kwa dhati hukipitia, na anayefanya yote mawili, kama wewe, mara nyingine hupatwa pande zote mbili kwa pamoja. Hao unaowaona wamekunjua nyuso kila siku nao wamepita humo, ila hawajakusimulia. Kwa hiyo aibu iondoe kabisa. Ninalotaka kukugombeza kidogo ni yale unayoyafanya ukiwa humo gizani.

Maana nawajua. Ukavu ukizidi kidogo tu, mtu anafuta mafaili yote kwenye kompyuta, anachoma madaftari, anamwambia mwalimu wa kwaya asimhesabu tena, anaweka kwenye status kwamba yeye na sanaa basi. Mwezi unapita, moyo unaanza kuchangamka, anataka kurudi kwenye lile shairi aliloliacha katikati, na lile shairi limeshakuwa majivu. Hapo ndipo kilio kinapoanza, na kilio hicho mimi hukipokea nikiwa sina la kumrudishia. Hasira hasara, mdogo wangu, na huzuni nayo ina hasara zake.

Basi ukisahau mengine yote ya leo, shika hili: uamuzi uliokata ulipokuwa unaona usiufute wakati huoni. Siku ulipoamua kuandika ulikuwa na akili zako timamu. Siku ulipotia nia ya kumtafuta Mola wako kwa moyo wako wote, hakuna aliyekusimamia na fimbo. Aliyeamua ni wewe, na huyo ndiye ninayekuomba umwamini. Huyu wa leo, aliyechoka, asiyelala vizuri, anayejilinganisha na kila apitaye, mhurumie, mlishe, mlaze. Lakini usimpe kalamu ya kutia saini.

Nyinyi mnadhani kujiamini ni kujisikia vizuri. Mnangoja moyo uchangamke ndipo mseme, aa, sasa najiamini. Ukingoja hivyo utangoja mpaka mvi zikuote, kwa sababu hali ya moyo hubadilika na kile ulichokula, na nani alikujibu ovyo, na usiku ulilala saa ngapi. Kujiamini ninakokusema mimi kuna ukimya mwingi zaidi. Ni kuitimiza ahadi uliyojiwekea, siku ambayo hakuna kitu ndani yako kinachokushangilia.

Nikupe mfano wa mtu wa huku kwetu. Abdilatif Abdalla ni Mswahili wa Mombasa, amezaliwa mwaka 1946. Ujanani mwake aliandika waraka wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Gerezani alitengwa na wafungwa wenzake, na karatasi ya kuandikia hakuwa nayo. Akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Najua utaikimbilia ile tuzo. Iache kwanza. Alipokuwa akiandika mle chumbani hakukuwa na tuzo, hakukuwa na mchapishaji, hakukuwa na rafiki wa kumwambia umetunga vizuri. Kilichokuwapo ni yeye, karatasi nyepesi isiyostahimili hata kalamu, na askari ambaye angeweza kuingia wakati wowote. Na tazama alichokuwa akikiandika. Yalikuwa mashairi ya vina na mizani, yale yanayomtaka mtu ahesabu nane, apumue, ahesabu nane nyingine, na vina vikae mahali pake mshororo baada ya mshororo. Mtu aliyefungwa peke yake, moyo wake ukikataa kutunga, nani angemlaumu? Lakini mizani haiulizi moyo u hali gani. Inauliza kama ni nane au si nane.

Hapo nataka utulie ufikiri, maana ndipo ulipo msaada wako. Wazee waliotuachia mizani ya ushairi, na wale waliotufundisha sala zenye saa zake na rakaa zake, rozari yenye hesabu yake, zaburi za asubuhi na za jioni, walikuwa wanaijua mioyo ya watu. Walijua ziko siku ambazo moyo utachelewa kufika. Wakatuwekea kitu ambacho mkono na ulimi vinaweza kukifanya wakati moyo bado uko njiani. Ukisali rakaa zako nne za adhuhuri bila kuonja utamu wowote, umesali. Ukiandika ubeti wako mmoja mkavu, umeandika. Wala usiniambie huo ni unafiki. Mnafiki hutaka watu wamwone. Wewe umeamka alfajiri, chumbani peke yako, mlango umefunga, unamdanganya nani?

Hata kama hutungi kwa vina, jiwekee mizani yako mwenyewe. Nusu saa. Ukurasa mmoja. Mchoro mmoja mdogo kwenye kipande cha boksi. Zoezi moja la sauti kabla hujaenda kazini. Kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya kabisa unaweza kukifanya, na ukishakifanya usikae kukipima uzuri wake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakiulizi kila punje ilitiwa kwa furaha au kwa machozi.

Sasa nije kwenye roho, kwa sababu najua ndiko kunakouma zaidi. Mtu akikosa la kuandika husema nimechoka. Akikosa la kumwambia Mungu husema nimetupwa. Mdogo wangu, hilo la kutupwa usilikimbilie. Wewe uliye Mwislamu unaijua Sura ya Adh-Dhuha na kisa chake: wahyi ulikatika kwa muda, Mtume akahuzunika, wapinzani wakapata la kusema, kisha ikashuka sura ya kumtuliza kwamba hakuachwa wala hakuchukiwa. Kama ukimya ulimfika yeye, wewe ni nani hata ukimya wa wiki chache uufanye kuwa hukumu?

Na wewe uliye Mkristo nikukumbushe Mama Teresa wa Kalkuta. Alifariki mwaka 1997, na miaka kumi baadaye, mwaka 2007, barua zake za faragha zikachapishwa. Watu wengi walishtuka. Mwanamke yule aliyekuwa akiwaokota wanaokufa barabarani, mwenye tabasamu lililojulikana dunia nzima, aliishi karibu miaka hamsini akihisi giza na ukimya ndani ya sala zake. Miaka hamsini! Aliendelea kuamka, aliendelea kusali, aliendelea kuwaosha wagonjwa. Na Kanisa lilipomtangaza mtakatifu mwaka 2016, barua zile zilikuwa zimeshasomwa na kila aliyetaka. Giza lake halikumpunguzia kitu. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hulipita: barua zile zipo kwa sababu aliandika. Aliwaeleza mapadre waliokuwa wakimwongoza. Hakulibeba peke yake akijifanya ana nguvu. Nitarudi hapo, usidhani nimesahau.

Ukinijua vizuri utanikatiza hapa. Utasema, dada, mbona yuko Imamu Ghazali, ambaye aliacha kila kitu? Ni kweli, na kisa chake nakipenda, ndiyo maana sitaki ukitumie vibaya. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, jina lake kubwa, wanafunzi wamejaa. Mwaka 1095 akaingiwa na msukosuko wa nafsi uliomshika karibu miezi sita. Ameusimulia mwenyewe: leo anaamua kuondoka, kesho anaghairi, mpaka ulimi ukamfunga asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakishuki. Matabibu wakamtazama wakasema tatizo limeanzia moyoni. Ndipo akaondoka, akaenda Sham, akaenda Jerusalem, akaenda Hijazi, akaishi maisha ya ibada na kujichunguza. Katika miaka hiyo ndimo ilimozaliwa Ihya Ulum al-Din, kitabu kinachosomeshwa hata leo kwenye darsa za pwani yetu. Na mwaka 1106 akarudi kusomesha, huko Nishapur.

Umeona? Hakuondoka kwa hasira ya asubuhi moja. Alilipima jambo miezi na miezi. Na kabla ya kuondoka alitoa mali yake, lakini akabakiza ya kuwatosha watoto wake. Hilo ndilo nataka ulishike wewe unayetaka kuacha kazi Ijumaa hii ukatafute nafsi yako Bagamoyo, na huku mama anategemea dawa kwako na mdogo wako anasubiri ada. Usiache mbachao kwa msala upitao. Shaaban Robert, tunayemwita shaha wa Kiswahili, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi ya maisha yake, na vitabu alivyotuachia unavijua. Kama siku moja utaondoka kweli, ondoka ukiwa umekaa na jambo lako mpaka limekomaa, na wanaokutegemea hukuwaacha na njaa. Wito wa kweli haukimbii. Utaukuta palepale miezi sita ijayo, na wewe utakuwa umejipanga.

Haraka yako inatoka wapi, hebu niambie? Mara nyingi inatoka kwenye ile simu niliyokuambia uiweke chini. Fulani amezindua kitabu, fulani amealikwa Nairobi, fulani mlisoma naye amepata watazamaji wasiohesabika. Unaona sherehe ya mwenzio, huoni usiku wake. Halafu unajichapa na methali, eti nyota njema huonekana asubuhi, kwa hiyo yako ingekuwa njema ingekwishaonekana. Mtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa, akawa anauza vyungu. Mjini hakuhamia mpaka mwaka 1911, mtu mzima tayari. Alipokwenda Bombay kurekodi, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa makamo. Watu walimkejeli kwa ukoo wake, wakamkejeli kwa sura yake. Angejihukumu kwa methali yako ile, taarabu ya Kiswahili ingekuwa wapi leo? Kwa hiyo wewe wa miaka ishirini na saba unayeniambia umechelewa, tafadhali usinichekeshe.

Sasa utaniuliza, nifanye nini huko gizani zaidi ya hiyo nusu saa yangu? Waangalie wavuvi wa pwani yetu. Kusi ikishika kasi, miezi ya Juni na Julai, bahari huchafuka, na wenye vyombo vidogo wengi hawathubutu kwenda mbali. Utavikuta vyombo vimepandishwa ufukoni. Mwenyewe anakwangua makombe yaliyoganda chini, anazikalafati nyufa kwa pamba na mafuta, anashona nyavu zilizochanika, anakagua tanga. Hakuna mtu mwenye akili anayepita pale akamwambia umeacha uvuvi. Na yeye mwenyewe hajiulizi kama bado ni mvuvi. Lakini angalia pia kwamba hajalala. Ana kazi ya msimu ule, na asipoifanya, bahari ikitulia ataingia majini na chombo kinachovuja.

Na wewe kwenye ukavu wako una kazi zake. Soma vitabu ulivyokuwa unasema huna muda navyo. Rudi kwenye maandishi ya zamani uyasafishe. Jifunze kile ulichokuwa unakikwepa: ala moja, aina moja ya shairi, tajwidi yako iliyolegea, kusoma noti. Kaa na mzee mmoja anayejua. Kama huwezi kutoa, pokea. Kuna wengine wenu mmekauka kwa sababu mlitoa miaka mitatu mfululizo bila kupokea chochote, mkiimba kila Jumapili na kila harusi na kila msiba, kisha mnashangaa kwamba kisima kimefika matopeni.

Haya, sasa nikuonye, na hapa sicheki. Mfa maji haachi kutapatapa, na wako watu wanaojua hivyo, wanakaa kando ya maji wakikungojea. Ukiwa gizani utawasikia wengi. Mmoja atakuuzia mafuta, mwingine maji, mwingine chumvi, mwingine kitambaa. Mmoja atakwambia upande mbegu ya fedha ndipo kipaji kifunguke, na mbegu hiyo ni mshahara wako mzima. Mwingine atafunga macho, aguse kichwa chako, akwambie aliyekufunga ni shangazi yako wa upande wa baba. Mdogo wangu, nimeona familia zimekatana kwa neno kama hilo. Mtu hamzungumzishi shangazi yake miaka na miaka, shangazi anakufa bila kujua kosa lake, na shairi lenyewe bado halijaandikwa.

Kwa hiyo jipimie. Mwongozi mwema, awe shehe, padre, mchungaji au mzee wa mtaani, hakuharakishi. Haweki bei kwenye dua yake. Hakupi adui ndani ya ukoo wako. Hakuzuii usiende hospitali. Na ukitoka kwake unakuwa na nguvu zaidi ya kufanya wajibu wako, wala huongezeki hofu. Akikosa hata moja kati ya haya, chukua mkoba wako uondoke, hata kama watu elfu wanampigia makofi. Hapa ndipo kujiamini kunapotakiwa kuliko mahali pengine popote. Ile sauti ndogo iliyokuambia hapa si salama ilikuwa na haki ya kusikilizwa, na wewe ukainyamazisha ukidhani ni upungufu wa imani.

Onyo la pili ni zito zaidi. Si kila giza ni la safari. Jingine ni ugonjwa, na ugonjwa huo unaitwa sonona. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, umekuwa na huzuni isiyoondoka, au huna hamu ya kitu chochote kabisa, hata vile ulivyovipenda, usingizi umekuruka au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, mwili hauna nguvu, akili haishiki jambo, unajiona hufai na ni mzigo kwa watu, basi usikae kujipima mwenyewe kama ni roho au ni sanaa. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Kutibiwa hakuna ugomvi na imani. Eliya alipojilaza chini ya mti nyikani akaomba afe, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimgusa akamwambia ale, palikuwa na mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Mwili wako ndio unaobeba wito wako, na ukiuacha uanguke, na wito utaanguka nao.

Na kama giza limefika pale ambapo mawazo ya kujidhuru yamekuingia, basi funga ukurasa huu sasa hivi umwite mtu. Mama, kaka, jirani, rafiki wa kazini, yeyote. Mwambie kwa maneno yaliyo wazi, usimfichie, na usikae peke yako usiku huu. Kesho asubuhi mwende hospitali pamoja. Yule unayedhani utamsumbua atakushukuru maisha yake yote kwamba ulimsumbua.

Ndiyo, nimerudi pale nilipoahidi kurudi, kwenye kusema. Mficha maradhi kilio humfichua. Mnajua kutunga mistari ya kuwaliza watu ukumbini, lakini kumwambia mtu mmoja "mimi siko sawa" inakuwa mlima. Mnaogopa mtaonekana wadhaifu, au waumini wa uongo, au mtapoteza heshima ya wanafunzi wenu. Hukuombwa uwaambie wote. Usiyaweke kwenye mtandao ambako mmoja atakuhurumia na kumi watakutangaza. Chagua mtu mmoja, wawili wakizidi, wenye kifua, waliowahi kukusitiri. Waambie mapema, kabla hujafika pabaya. Hata wasipokupa suluhisho, waombe tu wakukumbushe wewe ni nani pale utakapoanza kusahau. Kujiamini hakuna maana ya kujitegemea kwa kila kitu. Wakati mwingine kumbukumbu yako nzuri imehifadhiwa na mwenzio, na inabidi ukamwombe akusomee.

Tena naona mtu mmoja pale nyuma ameshaanza kujilaumu: dada, mimi nimeshachoma yale madaftari, nimeshaacha kwaya, nimeshampa yule mtu mshahara. Njoo hapa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Madaftari yamekwenda, lakini mkono ulioyaandika unao, na umejifunza mengi tangu siku ile ya kwanza. Kwenye kwaya rudi. Watakunong'ona wiki moja, ya pili watakuwa wanatafuta la kunong'ona lingine. Kwenye msala rudi, hapana anayekusubiri na daftari la siku ulizokosa ili akufukuze. Fedha ile ihesabu kuwa ni ada ya somo, usiifuatilie kwa kumpa yule mtu nyingine. Ulikuwa umezidiwa, na aliyezidiwa husamehewa. Lakini safari ijayo, ukiona wingu linajikusanya, ukumbuke tumezungumza.

Basi nikutume kazi, usije ukasema dada alizungumza tu. Kila ulichoandika, ulichochora au ulichorekodi ambacho unatamani kukiharibu, leo kikusanye umpe mtu unayemwamini akutunzie, na mwambie asikurudishie mpaka uwe umelala vizuri kwa wiki kadhaa. Chukua karatasi, andika kwa ufupi kwa nini uliianza njia hii, jinsi unavyokumbuka siku ulipokuwa unaona vizuri, kisha ibandike mahali utakapoiona asubuhi. Kazi yako ya nusu saa ipangie saa yake, na simu isiwepo chumbani. Sala zako usali kwa hesabu yake, ziwe tamu au ziwe kavu. Uamuzi wowote mkubwa uliotaka kuufanya wiki hii, usogeze mbele mpaka uwe umeujadili na mtu mwenye busara zaidi ya mara moja. Na kabla jua halijazama, mpigie yule mmoja uliyemfikiria uliposoma maneno yangu ya kusema. Unamjua ni nani.

Mimi nakuamini, na sikwambii hivyo kukufurahisha. Mtu aliyefika mahali pa kuumia kwa sababu haandiki, au kwa sababu sala yake imekuwa kavu, ni mtu anayeijali kazi yake na Mola wake kwelikweli. Asiyejali wala asingegundua. Lakini imani yangu juu yako haitakuandikia hata mshororo mmoja, wala haitakuamsha alfajiri. Hayo ni yako, na unayaweza hata usipojisikia kuyaweza. Haya, nenda ukale, kisha ulale mapema. Kesho una nusu saa yako ya kazi, na nitakuuliza.